Mwako Ndani ya Mshipa

Katikati ya karne ya 19 walikuwako, katika miji ya watu wasemao Kijerumani, wanazuoni wawili wa utabibu waliotazama kitu kimoja kwa macho yao wenyewe, yaani yale magamba ya manjano yaotayo ndani ya mishipa mikubwa ya damu ya watu wazima, na kila mmoja akatoa hukumu isiyopatana na ya mwenziwe. Mkubwa wao kwa umri alikuwa Carl von Rokitansky wa Vienna, ambaye yasemekana alichunguza maiti zipatazo 30,000 katika maisha yake, na rai yake ilikuwa kwamba magamba yale ni mashapo ya damu yenyewe, yaliyojitanda juu ya ukuta wa mshipa siku baada ya siku hata yakawa mazito. Mdogo wao, Rudolf Virchow wa Berlin, aliyezaliwa mwaka 1821 na ambaye mihadhara yake juu ya chembe za mwili ilichapishwa mwaka 1858, aliikataa rai hiyo. Alidai kuwa ukuta wa mshipa ni kitu hai, kwamba huudhika, huwaka, na chembe zake huzaana, na kwamba mafuta yaonekanayo ndani ya gamba huja baada ya maradhi kuanza, wala siyo yaliyoyaanzisha.

Dai hili la Virchow ndilo nitakalolifuata katika maandishi haya, maadamu naona kwamba historia yake ina jambo ambalo wengi wanaosimulia habari za maradhi ya moyo hulipita upesi mno. Hakuna aliyelishinda kwa hoja. Lilikosa kipimo tu. Mafuta yaliweza kupimwa katika damu ya mtu aliye hai, ilhali mwako ule wa ukuta wa mshipa haukuweza. Na kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja elimu ikaelekea kule kulikokuwa na mizani.

Mwako wenyewe haukuwa jambo geni kwa matabibu. Celsus, Mrumi aliyeandika katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, aliutaja kwa dalili nne ambazo kila mama aliyewahi kumwuguza mtoto mwenye jipu anazijua: wekundu, uvimbe, joto na maumivu, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliueleza kwa urefu katika Qanuni yake, kitabu kilichosomwa na matabibu wa Mashariki na wa Ulaya kwa karne nyingi. Lakini hao wote waliusema mwako walioufikia kwa jicho na kidole, wa ngozi na wa viungo. Mshipa unaougua hauonyeshi wekundu, wala aghalabu haumpi mwenyewe maumivu ya kumwonya, hata ifike siku ya mshtuko wa moyo au ya kiharusi.

Mwaka 1867 mwanafunzi wa Virchow, Julius Cohnheim, alitandaza utando mwembamba wa chura aliye hai chini ya hadubini, akaziona chembe nyeupe za damu zikishikamana na ukuta wa mshipa, kisha zikijipenyeza na kutoka nje kuelekea mahali palipoumizwa. Miaka kumi na mitano baadaye, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, Mrusi Ilya Metchnikoff, aliyekuwa mwanazuoni wa wanyama wala si tabibu, alibaki peke yake na hadubini yake siku ambayo jamaa zake walikwenda sarakasi kutazama nyani waliofunzwa michezo. Alikuwa akitazama watoto wa kiti cha pweza, ambao mwili wao hupenywa na nuru hata mambo ya ndani yakaonekana waziwazi, na ghafla likamjia wazo kwamba zile chembe zitembeazo humo huenda ni walinzi wa mwili, na kwamba, kama ndivyo, hazina budi kukusanyika palipoingia kitu kigeni. Akatoka bustanini, akachuma miiba ya waridi, akaichoma chini ya ngozi ya wale viumbe wadogo, asipate usingizi usiku ule kwa shauku ya kujua matokeo; na kulipopambazuka akazikuta chembe zimeizingira miiba pande zote. Kwa kazi iliyotokana na usiku huo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich.

Virchow mwenyewe, aliyekuwako Messina mwaka uliofuata, alikwenda kuyatazama majaribio ya Metchnikoff. Alimtia moyo, na papo hapo akamwonya awe na hadhari, kwa kuwa matabibu wengi wa zama zile waliamini kwamba chembe nyeupe huwachukua wadudu wa maradhi na kuwaeneza mwilini, kinyume cha alivyosema huyu Mrusi kwamba huwameza na kuwaua. Kila nisomapo habari ya makutano hayo husikitika kidogo. Hapo walikuwa wamekutana chumba kimoja aliyeuona mwako ndani ya mshipa na aliyeonyesha ni chembe zipi zinazoufanya, na laiti mazungumzo yao yangalielekea kwenye mishipa ya moyo, pengine njia ya elimu hii ingalikuwa fupi zaidi. Lakini hadubini ya siku zile haikuweza kuzitenga kwa asili na kwa kazi chembe nyeupe zilizofanana kwa sura, na hapana hoja ambayo ingaliweza kuziba pengo hilo.

Kisha mwaka 1913 jambo likatokea St. Petersburg lililozielekeza akili za watu upande mwingine. Nikolai Anitschkow, kijana wa chuo cha utabibu wa kijeshi, akishirikiana na mwenzake Semen Chalatow, aliwalisha sungura lehemu safi, ambayo wengi sasa huiita kolesteroli, iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti, na mishipa ya wanyama hao ikaota magamba yanayofanana na ya binadamu, ilhali waliolishwa mafuta ya alizeti peke yake walisalimika. Hujja ilikuwa safi, na mtu yeyote aliyekuwa na sungura na subira aliweza kuirudia. Lakini insafu yatutaka tuseme kwamba Anitschkow aliziona pia chembe nyeupe zikiingia ukutani mwa mshipa na kujaa mafuta hata zikaonekana kama povu, na aliziandika. Waliomsoma walishika habari ya lehemu, na hizo chembe wakazihesabu kuwa wafagiaji waliofuata uchafu.

Yaliyofuata yanajulikana na wengi, nami nitayataja kwa ufupi. Mwaka 1948 ulianzishwa uchunguzi wa wakazi 5,209 wa mji wa Framingham nchini Marekani, ambao ulifundisha dunia kuogopa tumbaku, shinikizo la damu na lehemu iliyozidi. Michael Brown na Joseph Goldstein wakaonyesha jinsi chembe za mwili zinavyoichukua lehemu kutoka kwenye damu, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1985. Akira Endo wa Japani akapata katika kuvu chanzo cha dawa za kushusha lehemu ziitwazo statini. Na mwaka 1994 jaribio lililofanywa katika nchi za Ulaya ya Kaskazini kwa wagonjwa 4,444 likathibitisha kwamba statini ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Sina neno la kuupunguzia ushindi huo heshima yake. Mamilioni ya watu wako hai kwa sababu yake.

Afrika ya Mashariki nayo ilikuwa na ushahidi wake katika kesi hii, na ni ushahidi ambao naona haujapewa uzito wake. Matabibu wa hospitali ya Mulago, Kampala, waliokuwa wakichunguza maiti katika miaka ya 1950, walistaajabu kuona jinsi mshtuko wa moyo ulivyokuwa adimu kwa Waafrika, walipolinganisha na maiti za watu wa umri kama ule katika mji wa St. Louis, Marekani, ambako maradhi hayo yalikuwa ya kila siku. Mwaka 1959 Shaper na Jones wakachapisha ulinganisho wa Waafrika na Waasia wakaao Uganda, ukaonyesha kwamba lehemu katika damu ya Waafrika ilikuwa chini sana, na ya Waasia, ambao maradhi ya moyo yaliwapata kwa wingi, ilikuwa juu. Matokeo haya yalipokewa kuwa hujja ya upande wa mafuta, nayo kwa hakika ni hujja. Lakini msomaji na atafakari kidogo hali ya Mwafrika wa Uganda wa siku zile, mwenye malaria, minyoo, vidonda na homa za kila namna, ambaye kinga ya mwili wake ilikuwa kazini usiku na mchana: kama mwako peke yake ungaliweza kuiziba mishipa ya moyo, basi yeye angalikuwa wa kwanza kuzibwa. Mwaka 2017 jambo hilohilo lilionekana kwa Watsimane wa misitu ya Bolivia, ambao damu yao ilikutwa na dalili nyingi za mwako kwa ajili ya maradhi ya kuambukiza, na mishipa ya moyo iliyo safi kuliko ya watu wowote waliowahi kupimwa, na lehemu yao ilikuwa chini. Nimeyaweka haya hapa makusudi, kabla ya kufika kwa watetezi wapya wa Virchow, ili yawe mkononi mwetu tutakapowasikiliza.

Wa kwanza wao alikuwa Russell Ross wa Seattle, ambaye mwaka 1973, pamoja na John Glomset, alirudisha katika mjadala rai kwamba maradhi huanza kwa jeraha la utando wa ndani wa mshipa. Lakini mlango wenyewe ulifunguliwa na chombo kilichobuniwa mahali pengine kwa haja nyingine kabisa. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, walipata njia ya kutengeneza kingamwili za namna moja tu, kila moja ikiijua alama moja tu ya chembe na kushikamana nayo. Kwa chombo hicho chembe nyeupe mbili zilizofanana kwa sura ziliweza kutengwa kwa asili na kwa kazi.

Katika mji wa Göteborg, Sweden, tabibu Göran Hansson na wenzake waliokuwa wakifanya utafiti juu ya mishipa walikichukua chombo hicho kipya, wakakipeleka kwenye magamba ambayo wapasuaji walikuwa wakiyatoa katika mishipa ya shingo ya wagonjwa ili kuwakinga na kiharusi. Waliyakata vipande vyembamba, wakayapaka kingamwili hizo, na katika andiko la mwaka 1986, lililotanguliwa na jina la Lena Jonasson, wakatangaza kwamba ndani ya gamba la binadamu, pamoja na mafuta na pamoja na zile chembe walaji alizozijua Metchnikoff, mna chembe T kwa wingi.

Inafaa tukae hapa kidogo, kwa sababu uzito wa habari hii hauonekani upesi kwa asiye tabibu. Chembe mlaji humeza karibu kila kinachopita mbele yake, na kuwapo kwake penye mafuta kungaliweza kuelezwa kwa urahisi. Chembe T haiko hivyo: ni chembe iliyofunzwa, ambayo kila moja humtambua adui mmoja maalumu na haiinuki mpaka ionyeshwe huyo. Ikiwa chembe T zimejaa ndani ya gamba, na zaidi ya hayo zimeinuka kufanya kazi, basi mwili umetambua humo kitu ambacho unakihesabu kuwa cha kupigwa vita. Ni kitu gani? Wako waliosema kwamba chembe hizo ni wapita njia tu waliokutwa pale kwa bahati. Ilichukua hadi mwaka 1995 kwa jopo la Hansson kuonyesha kwamba miongoni mwa chembe T zilizotolewa katika magamba ya wagonjwa zimo zinazoitambua ile lehemu ya damu baada ya kuharibiwa na oksijeni ndani ya ukuta wa mshipa.

Kwa maoni yangu hapo ndipo ugomvi wa Vienna na Berlin ulipokwisha, ingawa wenyewe walikuwa wamelala kaburini kwa miaka mingi. Kitu kitokacho katika damu, alichokisema Rokitansky, huingia ukutani. Huko hubadilika kikawa kiudhi. Na ukuta hai, aliousema Virchow, huwaka kwa kuudhika. Peter Libby na wenzake huko Boston walikuwa wameonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba hata chembe za ukuta wa mshipa zenyewe hutoa zile protini za kuamsha mwako, na miongoni mwazo ni iitwayo interlukini-1. Mapema mwaka 1999 Ross alichapisha makala ambayo kichwa chake kilitamka bila kusita kwamba maradhi haya ni maradhi ya mwako, akafariki mwaka huohuo.

Lakini kuona kitu mahali pa maradhi si kuthibitisha kwamba ndicho kinachoua, na katika hili historia ilikwisha kutoa onyo. Mwaka 1988 Pekka Saikku na wenzake wa Helsinki waligundua kwamba wagonjwa wa moyo aghalabu walikuwa na kingamwili za bakteria mmoja wa mapafu, na kwa miaka kadhaa wengi walitumaini kwamba antibiotiki zingeponya moyo. Hata majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2005 yakaonyesha kwamba hazikuwa na faida yoyote. Aliyetaka kuisimamisha rai ya mwako ilimpasa apate kwanza kipimo, kisha dawa inayouzima mwako bila kuigusa lehemu.

Kipimo kilikuwako tangu zamani. Mwaka 1930 William Tillett na Thomas Francis, waliokuwa wakiwachunguza wagonjwa wa homa ya mapafu katika taasisi ya Rockefeller, New York, walikuta katika damu yao protini inayopanda mwili uwakapo na kushuka upoapo, nayo ikajulikana kwa herufi C. Mwaka 1997 Paul Ridker wa Boston alizichukua damu zilizokuwa zimehifadhiwa za matabibu wa Marekani waliokuwa wazima siku walipozitoa, akaona kwamba waliokuwa na protini hiyo kwa wingi zaidi, hata kwa kiasi ambacho maabara ya kawaida isingekijali, ndio waliopatwa zaidi na mshtuko wa moyo na kiharusi katika miaka iliyofuata. Ridker huyohuyo ndiye aliyeongoza jaribio lililotangazwa Barcelona mwezi Agosti mwaka 2017, ambamo wagonjwa 10,061 waliokwisha kupatwa na mshtuko wa moyo, na ambao mwako wa damu yao ulikuwa juu, walipewa kila baada ya miezi mitatu ama sindano isiyo na dawa ama sindano ya kanakinumabu, kingamwili iliyotengenezwa kuizuia interlukini-1 na isiyoishusha lehemu hata kidogo. Waliopata kipimo cha miligramu 150 walipungukiwa na mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 15.

Basi dai la mwaka 1858 lilipata jawabu lake baada ya karibu miaka 160, na jawabu lilikuja na gharama yake. Waliopewa dawa ile walikufa zaidi kwa maradhi ya kuambukiza, kwa kuwa kinga iliyotulizwa moyoni ilikuwa imetulizwa mwili mzima, na jumla ya vifo vyote haikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Na dawa yenyewe ilikuwa ghali mno. Wakuu wa dawa wa Marekani hawakuiruhusu kwa maradhi ya moyo. Watafiti wakageukia dawa ya kale na rahisi, kolkisini, itokanayo na mmea ambao matabibu wa Kiarabu waliuita suranjani na ambao Ibn Sina aliuandika kuwa dawa ya maumivu ya viungo. Matabibu wamewapa wagonjwa wa jongo dawa ya asili hiyo kwa karne nyingi. Jaribio lililoongozwa kutoka Montreal mwaka 2019, kwa wagonjwa 4,745, lilionyesha faida ya asilimia 23, na jingine la Uholanzi na Australia mwaka 2020 faida ya asilimia 31. Lakini jaribio kubwa kuliko hayo, la wagonjwa 7,062, lililochapishwa baadaye, halikuonyesha faida. Kwa hiyo yeyote atakayekuambia kwamba lehemu ilikuwa uzushi na kwamba mwako ndio kila kitu, anakupotosha: wagonjwa wa majaribio hayo karibu wote walikuwa wakiendelea kumeza statini zao.

Liko tawi moja la elimu hii ambalo kwetu limekwisha kuvuka mjadala. Mtoto aumwapo koo kwa bakteria waitwao streptokoki, kinga ya mwili wake mara nyingine huwachanganya adui hao na nyama ya moyo wake mwenyewe, ikaziwakia vali za moyo hata zikanyauka, na mtoto akawa mgonjwa wa moyo kabla hajabaleghe. Maradhi haya, yaliyokwisha kuwa adimu katika nchi tajiri, bado yanaua vijana katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Uganda kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 ambao vali zao zilikuwa zimeanza kuugua bila wenyewe kujua: kati ya 400 wasiopewa sindano ya penisilini, 33 walizidiwa katika miaka miwili, ilhali kati ya 399 waliochomwa sindano hiyo kila baada ya wiki nne, waliozidiwa walikuwa 3 tu.

Penisilini haina ugeni wala bei ya kutisha. Mzazi ambaye mwanawe ana homa na koo linalouma asimpe vidonge vya maumivu akaridhika, bali ampeleke zahanati. Na wenye mamlaka juu ya bohari za dawa katika nchi zetu wahakikishe kwamba, atakapofika, sindano hiyo ipo.